Kipimo cha Chumvi: Kazi ya Maktaba katika Taarifa za Afya Zinazopita Simuni

Kasanga ni bandari iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, jirani na mpaka wa Zambia, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Sumbawanga, yenye hospitali ya rufaa ya mkoa na maktaba ya umma, iko juu kwenye uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Barabara hupitia Matai kisha huteremka hadi ufukweni, kwenye kimo cha mita 770 hivi. Wavuvi na wachuuzi wa dagaa na migebuka hawakai mahali pamoja: leo wako Kasanga, kesho Mpulungu, na wengine huvuka hadi upande wa Kongo. Msomaji wa namna hiyo hawezi kutarajiwa kupanda mlima kufuata kitabu. Simu yake, hata hivyo, iko mfukoni.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Kipindupindu si mgeni katika mwambao wa ziwa hili, na kila zinapozuka tetesi za mlipuko, makundi sogozi hujaa maelekezo. Chukua mfano wa maji ya chumvi na sukari, ambayo mgonjwa wa kuhara hupewa pasipo pakiti ya ORS wakati anapotayarishwa kupelekwa kituoni. Kipimo kinachofundishwa ni lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kurundika. Ujumbe wa sauti ukisikilizwa ndani ya mtumbwi wenye injini, neno “nusu” huweza kupotea, na kijiko cha chai kikageuka kijiko cha kulia chakula. Chumvi ikizidi, mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji huongezewa hatari: sodiamu hupanda katika damu, naye huweza kupata degedege. Aliyeusambaza ujumbe hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuokoa.

Mkutubi angeutambua upungufu wa ujumbe huo kabla hata ya kuuliza kama ni wa kweli: hauna jina la aliyeuandaa, hauna tarehe, wala hauonyeshi unachukua nafasi ya ujumbe upi. Kitabu kinapoingia maktabani huandikwa mwandishi wake, mchapishaji, mwaka na toleo, kazi ambayo wengi huiona kuwa ukarani mtupu. Katika tiba, toleo ni jambo la uhai. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mchanganyiko mpya wa ORS wenye sodiamu na sukari pungufu kuliko ule wa awali. Mwongozo wa zamani haukuwa uongo, ulikuwa umepitwa. WhatsApp nayo huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa ila kwenye soga moja kwa wakati mmoja. Lakini alama hiyo humweleza msomaji kuwa ujumbe umetembea sana, si ulikotoka.

Tanzania iliwahi kulishughulikia jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho, kuhara damu na maradhi mengine. Kipindi kilipita hewani na kwisha, lakini kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Aliyebisha aliweza kurudishwa kwenye ukurasa. Mitandao ya kijamii imerithi kasi ya redio bila kurithi kijitabu kile, na pengo hilo ndilo maktaba inaloweza kuliziba.

Uganda inatoa mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990 Maktaba ya Sir Albert Cook ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza kuandaa muhtasari wa taarifa za afya kwa ajili ya watumishi wa wilayani ambao hawakuyapata majarida ya kitabibu. Wakutubi walichagua, wakafupisha, wakachapa, wakapeleka. Hawakusubiri msomaji abishe hodi.

Maktaba nyingi, zikifungua kurasa katika mitandao, hutangaza saa za kazi, vitabu vipya na ziara za wanafunzi. Si vibaya, ila ni matangazo tu. Kazi yenye manufaa kwa mtu wa Kasanga ni nzito kidogo: kuandaa, pamoja na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ya Kalambo, ujumbe mfupi usiomaliza bando, wenye chanzo na tarehe, uliosomwa kwa Kiswahili na, inapowezekana, kwa Kilungu au Kimambwe, kisha kuuhifadhi mahali pamoja panapojulikana, ili anayetilia shaka nakala aliyopokea arejee kwenye asili. Ukibadilika, haufutwi kimyakimya. Hutangazwa kwamba wa tarehe fulani umeondolewa, na sababu yake.

Maswali yanayoulizwa nayo ni taarifa. Mama wengi wakiuliza kama mtoto anayeharisha aendelee kunyonya (naam, aendelee), timu ya afya imekwisha kuonyeshwa palipo na kiza. Lakini hapa uangalifu unatakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kijijini si lazima jina litajwe. Ukisema “yule wa nyumba ya tatu kutoka mwaloni,” umekwisha kumtaja. Mkutubi aliyezoea kutosema nani ameazima kitabu gani anaijua adabu hii: swali hujibiwa faraghani, na jibu linalofaa wote hutolewa hadharani bila alama ya mwenye swali.

Mkutubi si tabibu. Mgonjwa mmoja mmoja huelekezwa kituoni, au kwenye namba 199 ya Wizara ya Afya inayopigwa bila malipo. Na mwenye kuhara maji mengi hasubiri kujibiwa ujumbe, maana kipindupindu kikali huweza kuua ndani ya saa chache.

Wako pia wenye simu za kitochi, na wasio na simu kabisa. Kwa hao ujumbe uleule huchapwa kwa herufi kubwa, ukabandikwa mwaloni karibu na mizani ya samaki, mahali ambapo anayejua kusoma humsomea mwenziwe. Tarehe iandikwe juu kabisa, na anayeleta karatasi mpya ndiye abandue ya zamani kwa mkono wake.