Presha 134/84: Mgonjwa Chicago, Mzima Kawempe

Mwanamke wa miaka 45 anapimwa presha Kawempe, kaskazini mwa Kampala, na mashine inasoma 134/84. Mwongozo wa tiba wa Uganda unaanzia 140/90, kwa hiyo ataambiwa apunguze chumvi, aangalie uzito, arudi kupimwa. Angekuwa Chicago, kipimo hichohicho kingemwingiza kwenye hesabu ya wagonjwa.

Wamarekani waliushusha mpaka wao hadi 130/80 Novemba 2017. Walitegemea sana utafiti wa SPRINT wa 2015, wenye watu zaidi ya 9,300: waliotibiwa mpaka namba ya juu ikashuka chini ya 120 walipatwa na maradhi ya moyo na vifo kwa uchache kuliko wale ambao lengo lao lilikuwa chini ya 140. Baada ya tangazo hilo, Wamarekani wazima wanaohesabiwa kuwa na presha waliongezeka kutoka karibu theluthi hadi karibu nusu. Madaktari wa Ulaya walisoma utafiti uleule, na mwaka 2018 wakabaki na 140/90. Walikuwa na shaka na upimaji: wengi katika SPRINT walipimwa na mashine wakiwa wametulia, mara nyingi peke yao chumbani. Nani hupimwa hivyo kwenye kliniki yenye foleni?

Mwilini hakuna mpaka. Hatari hupanda polepole tangu karibu 115/75, na kila nchi huamua ianze kutibu wapi, ikipima faida, madhara ya dawa na uwezo wake wa kuwafuatilia watu. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa 2014 ulikuta takriban robo ya watu wazima wana presha, na chini ya mmoja kati ya kumi kati yao alikuwa anajua. Kwa maoni yangu, kushusha mpaka kabla ya kuwapata hao wasiojua ni kurefusha orodha tu.

Dawa nazo hutofautiana. Uingereza humwanzishia mgonjwa mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari cha aina ya pili amlodipini au dawa ya jamii yake, hata akiwa kijana. Ushahidi wa hapa kwetu ulikuja 2019 kupitia CREOLE, utafiti uliofanyika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwemo: kwa wagonjwa 728, michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko ule usio nayo.

Lakini Kawempe ina hospitali ya rufaa ya taifa inayozalisha makumi ya watoto kwa siku, na huko presha inayotisha ni ya wajawazito, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hapa Wamarekani ndio waliochelewa. Kwa mjamzito mwenye presha ya siku nyingi walisubiri hadi namba ya juu ifike 160, wakihofia dawa zingemdumaza mtoto. Aprili 2022 utafiti wa wanawake zaidi ya 2,400 ukaonyesha kuwa kutibu tangu 140/90 hupunguza hali kali inayotangulia kifafa cha mimba na uzazi wa kabla ya wakati, bila watoto kuzaliwa wadogo zaidi. Uingereza ilikuwa imeshaandika 140/90 tangu 2019.

Katika jambo moja miongozo yote inakubaliana: enalaprili na lisinoprili, dawa za kawaida za presha, huharibu figo za mtoto tumboni. Anayezitumia na anatarajia kushika mimba huhamishiwa methildopa au nifedipini mapema, kabla ya kliniki ya kwanza ya wajawazito.