Shaba na Chuma Kwenye Bomba Moja: Kweli au Uongo?

Fundi akifunga hita ya maji yenye viunganishi vya shaba moja kwa moja kwenye bomba la GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki, siku hiyo halivuji hata tone. Baadaye chuma kinaanza kuliwa pale pale kwenye kiungo, huku shaba ikibaki nzima. Hapo kila mtu huja na maelezo yake.

"Bomba lilikuwa feki." Mara nyingi si kweli. Bomba bovu huoza popote, lakini hili limeozea penye shaba. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hugeuka betri. Mwaka 1836 mkemia Mwingereza John Frederic Daniell alitumia zinki na shaba kutengeneza betri ya takriban volti 1.1, na humo zinki ndiyo iliyoyeyuka. Kwenye bomba mambo ni hayo hayo: zinki huisha kwanza, kisha zamu ya chuma chenyewe.

"Hayo ni ya maji ya bahari tu." Uongo, ingawa chumvi huharakisha. Maji ya kisima cha pwani yenye ladha ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, hivyo uharibifu husambaa mbali na kiungo. Maji ya kawaida yasiyo na chumvi huula ukingo wa kiungo taratibu.

"Tepu nyeupe inazitenga." Uongo, na huu ndio ninaousikia zaidi. Tepu huziba maji. Uzi wa bomba ukikazwa huikata, na metali zinagusana kama kawaida. Kinachotenga ni yunioni maalumu yenye washa na bushi ya plastiki au mpira, ambayo haiachi metali kukutana kabisa. Kwenye flanji, kila bolti ivishwe bushi na kuwekewa washa za plastiki. Bolti moja tupu inatosha kurudisha njia ya umeme. Chunguza pia vibano vya ukutani, maana kibano cha chuma kinachoshika mabomba yote mawili huharibu kazi nzima. Na kama kuna aliyelitumia bomba hilo kuwa waya wa ardhi wa nyumba (wapo!), mwite fundi umeme kabla ya kulikata.

"Paka rangi chuma, kwa kuwa ndicho kinachooza." Ushauri huu una sura ya busara, lakini ni hatari. Rangi ikichubuka kidogo tu, nguvu yote ya shaba huelekea kwenye mchubuko huo na kutoboa. Kwa bomba lililofukiwa kwenye udongo wenye unyevu, ipake rangi shaba, au zote mbili. Uwiano wa ukubwa kati ya metali hizo mbili ndio unaoamua. Jeshi la majini la Uingereza liliona hilo kwenye meli HMS Alarm, iliyovikwa mabati ya shaba mwaka 1761: misumari midogo ya chuma ililiwa vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kufungia mabati ilisahaulika katikati.

"Basi koki ya shaba njano itaua bomba langu." Si lazima. Koki ni ndogo, bomba la chuma ni kubwa na nene, hivyo hasara hugawanyika. Ndiyo sababu koki nyingi za namna hiyo hudumu miaka.

"Haijalishi metali ipi itangulie." Inajalisha sana. Maji yanayopita kwenye shaba hubeba chembe zake zilizoyeyuka, na chembe hizo hunata ndani ya bomba la GI lililo mbele. Kila doa la shaba huwa betri ndogo, na bomba hutoboka mbali na kiungo chochote. Yunioni haiwezi kuzuia hilo. Maji yapite kwanza kwenye GI, kisha shaba.

Na kama maji ya moto huzunguka na kurudi kwenye hita, hakuna mbele wala nyuma. Hapo yunioni haitoshi: ng'oa GI yote kwenye mzunguko huo, weka shaba tupu au bomba la plastiki la PPR lililotengenezwa kwa maji ya moto.