Hofu ya Sheria za Uhamiaji na Upimaji wa VVU miongoni mwa Walatino nchini Marekani

Mwaka 1987 Marekani iliingiza VVU katika orodha ya maradhi yaliyomzuia mgeni kupata ukaazi wa kudumu. Mwaka 1993 Bunge lilitia marufuku hiyo katika sheria. Mwombaji alilazimika kupimwa, na majibu yakapelekwa idara ya uhamiaji. Hivyo kipimo kilichokusudiwa kulinda afya kikawa pia ushahidi dhidi ya mpimwaji. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 187, lililowataka watumishi wa afya kuwaripoti wasio na hati. Mahakama ililizuia, lakini hofu ilikwisha kuenea.

Marufuku ya VVU ilikoma Januari 2010. Hata hivyo, sheria hufutwa kwa siku moja, hofu haifutiki hivyo. Anachohofia asiye na hati ni daftari linaloandikwa jina lake. Kwa sababu hiyo huchelewa kupimwa hadi kinga ya mwili idhoofike, ilhali dawa zikianzwa mapema humrefushia maisha na kumkinga mwenzi wake. Basi mshauri hana budi kumweleza kwanza, kwa Kihispania, ni nani atakayeyaona majibu yake.