Matao ya mawe yaporomokayo jangwani

Watalii wanaozuru Mbuga ya Kitaifa ya Arches, katika jangwa la Utah, Marekani, hupiga picha za matao ya mawe ya mchanga wakidhani yatakuwapo milele. Sivyo. Matao hayo, zaidi ya 2,000, hujengwa na kubomolewa na nguvu ile ile: maji.

Mvua huyeyusha madini yanayoshikanisha chembe za mchanga. Wakati wa baridi, maji yaliyopenya nyufani huganda, hutanuka na kuumega mwamba hadi tundu litokee. Umegaji huo haukomi hapo. Mnamo 1991, bamba la urefu wa mita 18 hivi lilidondoka kutoka Landscape Arch, tao lenye upana wa zaidi ya mita 88, huku watalii wakiwa karibu. Hakuna aliyeumia, lakini njia ya kupita chini yake ilifungwa. Wall Arch nalo liliporomoka usiku mmoja wa Agosti 2008.

Anayetaka picha ya Delicate Arch hupanda takriban kilomita 2.4 pasipo kivuli. Heri afike jioni, jua linapolitia jiwe rangi ya kaa la moto, akiwa na maji tele na tochi ya kurudia.

Mpigapicha mmoja hakutosheka na mwanga huo. Mnamo 2000 aliwasha moto usiku chini ya tao hilo, akaacha madoa mwambani na kuishia mahakamani. Baada ya mtu mwingine kulikwea mnamo 2006, wasimamizi walipiga marufuku kukwea matao yenye majina.