Kasoro za mashine kuukuu zageuka bidhaa

WAFANYABIASHARA wamezoea kwamba bidhaa yenye kasoro hushuka bei. Katika soko la ala za muziki za umeme mambo yamekwenda kinyume. Kasoro ndiyo inayolipiwa, tena inauzwa mara mbili: ndani ya mashine kuukuu na ndani ya programu ya kompyuta inayoiiga.

Mfano ni mashine ya ngoma TR-808, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980 kwa dola 1,195 za Marekani. Mwasisi wa kampuni hiyo, Ikutaro Kakehashi, alinunua transista zilizokataliwa kwa kutofikia kiwango, kwa kuwa alizipendea mlio wake wa kuchachatika. Viwanda vilipoboresha kazi, transista mbovu ziliadimika, na utengenezaji ukakoma mwaka 1983 baada ya mashine zipatazo 12,000.

Nduguye, TB-303, alikusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Alitoka mwishoni mwa 1981 kwa dola 395, akakosa wateja, na mwaka 1984 akaachwa. Mashine hizo, kama 10,000 hivi, ziliangukia mikononi mwa watu kwa bei ya kutupa. Mwaka 1987 kundi la Phuture la Chicago lilitoa "Acid Tracks", na mlio uliodharauliwa ukawa mtindo wa dansi. Bei ikafuata.

Hapo ndipo watunzi wa programu walipoona biashara. Kuiga noti ni rahisi. Kazi ngumu ni kuiga ukaidi wa mashine. Ndani ya 303, noti zikikazwa mfululizo, umeme wa mkazo wa kwanza huwa haujaisha kwenye kapasita wakati wa pili unapoingia, hivyo mlio huzidi kupanda. Programu isiyohesabu umeme huo uliobaki hutambuliwa mara moja na mteja mzoefu. Isitoshe, vipuri havilingani, na mashine mbili za aina moja hazitoi mlio ule ule. Mtunzi analazimika kuchagua ni ipi ataiiga.

Kampuni ya Propellerhead ya Stockholm, Sweden, iliuza ReBirth tangu miaka ya 1990, ikiziiga 303 mbili na 808 moja. Mwaka 2005 iliacha kuiendeleza na kuigawa bure. Toleo la iPad liliondolewa sokoni mwaka 2017, baada ya Roland kulalamikia haki zake. Mwaka 2018 Roland yenyewe ilikuwa ikiuza 808 na 303 kama programu.

Je, mwenye akiba ndogo ajifunze nini? Kwanza, atazame mfumuko wa bei. Tangu 1980 dola imepoteza takriban robo tatu ya thamani yake, hivyo dola 1,195 za wakati ule ni zaidi ya dola 4,000 za leo. Anayesikia 808 kuukuu ikiuzwa kwa maelfu ya dola asidhani yote ni faida. Waliovuna ni walionunua wakati hakuna aliyezitaka.

Pili, mwanamuziki anayehitaji mlio tu sasa anatosheka na programu. Mashine yenyewe inabaki kwa wakusanyaji, ambao ni wachache na hubadili mapenzi, na mwenye nayo hubeba gharama za fundi na vipuri.

Tatu, programu hainakiliwi kwa gharama kubwa, kwa hiyo bei yake huelekea chini. Anayedumu ni mwenye jina na haki.

Kwa mwenye studio ndogo, programu inatosha. Anayetaka kununua ili auze tena, asikimbilie 808 iliyokwisha panda. Achunguze kwanza atamuuzia nani.