Nafasi ya Majaribio Otomatiki katika Uundaji wa Vifurushi vya Programu za Afya

Makala haya yanafafanua jinsi majaribio otomatiki ya vijenzi yanavyotumika wakati wa kuunda kifurushi cha programu. Kijenzi ni sehemu ndogo ya programu inayoweza kupimwa peke yake, kama vile sehemu inayokokotoa umri wa mgonjwa. Jaribio huipa sehemu hiyo data maalumu, kisha hulinganisha jibu lililotolewa na jibu lililotarajiwa.

Mfano wa Afrika Mashariki ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Kiini chake huundwa kwa zana iitwayo Maven, ambayo hufuata hatua kwa mpangilio: kutafsiri msimbo, kuendesha majaribio, kisha kufunga kifurushi. Kwa kawaida, jaribio moja likishindwa, hatua ya kufunga haifikiwi. Miongoni mwa majaribio hayo yamo yanayokagua umri wa mtu kabla ya tarehe aliyozaliwa kufika, katika tarehe yenyewe, baada yake, na hata baada ya kifo, ambapo umri haupaswi kuendelea kuongezeka.

Umuhimu wa mpangilio huu hudhihirika mbali na meza ya mwandishi wa programu. Tuseme mfumo wa aina hiyo unatumika katika zahanati ya kata kama Katubuka, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Muuguzi hupokea programu iliyokwisha kufungwa. Msimbo wake hauoni. Mfumo ukimhesabu mtoto wa miaka minne kuwa na miaka mitano, muuguzi anaweza kufuata kipimo cha dawa cha rika jingine bila onyo lolote kwenye skrini.

Maven huruhusu pia majaribio kurukwa kwa agizo moja. Anayefanya hivyo huokoa dakika chache, lakini kazi ya kugundua kosa huiachia zahanati, isiyo na nyenzo za kuifanya.

Hata hivyo, majaribio yana mipaka. Kufaulu kwake huthibitisha tu kwamba yaliyoulizwa yamejibiwa sawasawa. Yasiyoulizwa hubaki gizani. Kwa hiyo, kosa linapogunduliwa kituoni, halina budi kuandikiwa jaribio lake, ili lisirudi kimyakimya katika toleo lijalo.