Dalali wa Hisa: Leseni Kwanza, Ada Baadaye

Tangu Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi (NSE) linakuruhusu kununua hata hisa moja. Awali ulilazimika kuanzia 100. Mwenye elfu moja kwenye M-Pesa sasa anaweza kuwekeza. Kilichobaki ni kumchagua dalali.

Leseni. Kabla ya kutuma hata shilingi, fungua tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) uangalie orodha ya wenye leseni. Jina lilingane neno kwa neno, maana matapeli hupenda majina yanayofanana. Hisa zako hukaa kwenye akaunti ya CDS (mfumo mkuu wa kuhifadhi hisa) yenye jina lako, si mfukoni mwa dalali. Pesa taslimu ulizomwachia ndizo zilizo hatarini zaidi. Kampuni ya Nyaga Stockbrokers ilipoporomoka mwaka 2008, fidia kwa kila mwekezaji ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000. Basi usirundike fedha kwa dalali. Tuma za kununulia tu.

Ada. Kwa biashara ndogo, makato yote hufika takriban asilimia 2.1. Ukinunua hisa za 10,000, zinakwenda 210. Ukiuza, nyingine kama hizo. Bei isipopanda zaidi ya asilimia 4, hujapata kitu. Uliza pia kama kuna kiwango cha chini cha ada: shilingi 100 kwenye ununuzi wa 1,000 ni asilimia 10 nzima. Ikiwa kipo, dunduiza miezi mitatu kisha ununue kwa mkupuo.

Forex. Programu nyingi zinazotangazwa mitandaoni ni za kubashiri bei za sarafu, si za hisa. Zipo zenye leseni ya CMA, lakini leseni haizuii hasara. Sheria inaruhusu mkopo wa hadi mara 400 ya pesa zako. Ukiutumia wote, bei ikienda kinyume kwa robo asilimia tu, mtaji umekwisha. Anayeanza akae mbali.

Bila dalali. Ukifikisha 50,000, linganisha na hatifungani za serikali. Kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, unanunua mwenyewe, bila kamisheni.

Ushauri wangu: kati ya madalali wawili wenye leseni, mchague anayekuonyesha makato yote kabla hujabonyeza kitufe cha kununua, na anayekurudishia pesa zako haraka unapozitaka. Mjaribu kwa kiasi kidogo kwanza: nunua, uza, toa pesa. Zikifika salama, ndipo umwamini na nyingi.